Pedi mbovu au mkono mbovu? Utamu wa gemu unatoka wapi

Kwenye banda la gemu nililokulia, Dar es Salaam, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani pamoja na "hakuna kukopa" na "usivute sigara". Aliyefungwa akisema pedi, kile kidude cha vitufe tunachochezea, ni mbovu, mwenye banda hakubishana naye. Alinyoosha kidole tu: badilishaneni. Mechi ilirudiwa, na mlalamikaji ndiye aliyelipa. Akifungwa tena, safari hii kwa pedi ya mwenzake, aliinuka kimya kimya akapisha benchi, na wala hakuna aliyemcheka sana kwa sababu kila mmoja wetu yalishamkuta.

Nimecheza gemu za kila aina tangu siku hizo na bado sijapata kipimo cha utamu wa gemu kinachokizidi kile cha banda. Mtu anafungwa matano, anacheka, anachomoa jero nyingine mfukoni. Mwingine anafungwa moja tu, anabwaga pedi na kuapa harudi tena. Idadi ya mabao haielezi tofauti hiyo. Kinachoieleza ni lawama. Wa kwanza anajua alikosea wapi na anataka kurekebisha, wa pili anaamini aliyekosea si yeye. Watu huzungumzia vitufe, ugumu wa gemu na miwani ya uhalisia pepe kama mambo matatu mbalimbali. Mimi nayaona kama swali moja lililovaa nguo tatu: mambo yakienda kombo, mchezaji anamlaumu nani?

Kidole kinapokuwa na sheria zake

Walioanzia Winning Eleven, gemu ya mpira ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la PES, wanajua kwamba kitufe cha mraba ni shuti na cha duara ni krosi. Gemu pinzani, FIFA, iliweka kinyume chake: duara shuti, mraba krosi. Ukitaka kuona jinsi mwili unavyojifunza, mchukue fundi wa PES, mkalishe kwenye FIFA, kisha subiri abaki yeye na kipa. Macho yameiona nafasi, akili imeamua, na kidole, ambacho miaka yote hakikuwa kikisubiri ruhusa ya mtu, kinakwenda kwenye mraba. Mpira unapaa polepole kuelekea kibendera cha kona. Kipa anautazama. Banda zima linaangua kicheko.

Huyo si kwamba hajui mpira. Amebadilishiwa lugha katikati ya sentensi. FIFA wenyewe walilijua hilo, maana ndani ya mipangilio yao waliweka seti ya pili ya vitufe inayofanana na ya PES, na fundi wetu akishaonyeshwa pale pa kubadili anarudi kuwa mtu mbele za watu. Ukimsikiliza akisimulia bao lake utagundua jambo: hasemi "nilibonyeza mraba", anasema "nikapiga". Vitufe vizuri ni vile vinavyopotea kwenye masimulizi. Siku mtu anapoanza kuvitaja, ujue kuna kasoro mahali.

Na hakuna kitufe kilichozaliwa na maana yake. PlayStation ilipotoka Japani Desemba 1994, duara lilikuwa ndiyo na X ilikuwa hapana, kwa kuwa Wajapani hutumia duara kuonyesha jibu sahihi na X kuonyesha kosa. Marekani na Ulaya X ikafanywa ndiyo. Sisi ambao mwalimu alitupigia X za wino mwekundu tangu darasa la kwanza tulipaswa kuwa upande wa Wajapani, lakini mashine zilizotufikia zilifuata desturi ya Magharibi, tukazoea kukubali mambo kwa alama ya kosa. Mwaka 2020, ilipotoka PlayStation 5, Sony iliifanya X kuwa ndiyo dunia nzima, Japani ikiwemo. Hebu fikiria Mjapani aliyecheza miaka 25 akijikuta anakubali kila alichotaka kukikataa.

Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo ni kuchelewa. Mwenye banda wetu alipofanikiwa kununua flati skrini na kuzitupa pembeni zile TV za kichogo, tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu mafundi wakaanza kusema pedi zimekuwa nzito. Akanunua pedi mpya. Bado nzito. Sheria ya badilishaneni ikashindwa kazi kwa mara ya kwanza, maana pedi zote mbili zilikuwa nzito sawasawa. Mwishowe watu wakazoea, au walioshindwa kuzoea wakahamia banda la mtaa wa pili ambako kichogo bado kilikuwa kinatawala.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. TV ya kichogo huichora picha kwenye kioo papo hapo ishara inapoingia. TV bapa huishika kwanza: inaikuza itoshe kioo, inanoa rangi, inalainisha mwendo, ndipo inaionyesha. Kwa anayetazama tamthilia haina shida, sauti nayo inacheleweshwa kidogo na hakuna anayejua. Kwa mwenye pedi mkononi ni balaa. Gemu inayotoa picha 60 kwa sekunde huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo TV ikibaki nyuma kwa picha nne au tano tu, beki unayemwona mbele yako tayari amekwishahama. TV nyingi zina mpangilio wa gemu unaozima sehemu kubwa ya mapambo hayo. Huenda ulikuwemo kwenye rimoti yetu ileile, na hakuna aliyewahi kuubonyeza. Nakumbuka pia kwamba hakuna hata mmoja aliyesema "TV inachelewa". Wote tulisema "pedi nzito". Mkono haujui milisekunde, unajua uzito.

Watengenezaji wakubwa wa gemu wanalielewa hili kuliko sisi, na wameligeuza kuwa ufundi. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Shigeru Miyamoto na wenzake walifanya Mario aruke kulingana na muda ambao kidole kinakaa kwenye kitufe: gusa, anadunda kidogo; shikilia, anapaa. Akiwa hewani bado unaweza kumvuta kushoto au kulia. Hakuna binadamu awezaye kubadili safari akiwa tayari ameshaacha ardhi, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba Mario anavunja sheria za fizikia. Mario anafuata matakwa ya mchezaji, na hilo ndilo mkono ulilokuwa ukitaka. Walipomhamishia kwenye Super Mario 64, mwaka 1996, walishughulikia mwendo wake kwanza katika uwanja mdogo wa majaribio kabla ya kumjengea dunia za kukimbilia.

Kuna udanganyifu wa hila zaidi, na huu ndio ninaoupenda. Mchezaji anakimbia kuelekea ukingo wa jabali na kubonyeza kitufe cha kuruka. Kwa hesabu kali amechelewa, kwani mguu ulishapita ukingo na alitakiwa kutumbukia. Lakini muulize, ataapa kwa Mungu kwamba alibonyeza akiwa bado ardhini. Amekosea, na bado angeilaumu pedi. Basi gemu kama Celeste, ya mwaka 2018, humpa kipande kidogo cha sekunde ambapo anaruhusiwa kuruka kutoka hewani. Mafundi wa gemu huuita muda huo "coyote time", kwa jina la Wile E. Coyote, yule mbweha wa katuni anayekimbia hewani mpaka atazame chini. Vilevile ukibonyeza mapema, kabla hujatua, gemu inaikumbuka amri yako na kuitekeleza miguu inapogusa ardhi. Mchezaji haoni chochote kati ya hayo. Anachohisi ni kwamba gemu ina haki, na kwamba alipoanguka, alianguka kwa uzembe wake mwenyewe. Gemu imemdanganya ili aiamini.

Wapo waliokwenda kinyume kwa makusudi. Mwaka 2008 Bennett Foddy alitoa QWOP, gemu ya mkimbiaji wa mita 100 ambaye mapaja yake yanaendeshwa kwa herufi Q na W, na chini ya magoti kwa O na P. Wengi huanguka kabla ya mita ya tano, wakiwa wamepinda kama kiti kilichovunjika. Inachekesha, kwa sababu lawama imeshagawiwa kabla hujaanza: sote tunajua vitufe ndivyo mzaha wenyewe. Resident Evil ya 1996 nayo ilimfanya mhusika ageuke kama gari bovu lisilokata kona, na uzito huo ulichangia hofu. Lakini hizo ni dawa kali za kutumiwa kwa kijiko.

Ugumu wa haki na ugumu wa dhuluma

Mojawapo ya ngazi za ugumu zilizo maarufu zaidi katika historia ya gemu ilitokana na udhaifu wa mashine. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978, kompyuta yake haikuwa na nguvu za kuwachora wavamizi wote 55 kwa kasi aliyoitaka. Kadiri mchezaji alivyowapunguza, mashine ilipata nafuu, na waliobaki wakaenda mbio zaidi. Nishikado aliiacha kasoro hiyo kama ilivyo. Matokeo yake, ushindi wako mwenyewe ndio uliokuletea shida: umebaki na mvamizi mmoja, na huyo mmoja anakimbia kama mwizi aliyesikia filimbi.

Watu wa rika langu walilikuta wazo hilo kwenye simu ya mzazi. Nyoka wa Nokia, aliyeingia kwenye 6110 mwaka 1997, hana adui yeyote zaidi ya ukuta na mkia wake. Kila unapomlisha unampunguzia nafasi ya kupita. Vitufe vinne vya namba, kioo cha kijani, na hakuna mahali popote pa kupeleka malalamiko: kama umejigonga, umejigonga. Sijawahi kumsikia mtu akisema nyoka amemdhulumu. Nimewasikia wengi wakisema, "Lete nirudie."

Tofauti na hapo, gemu za mashine za sarafu za miaka ya 1980 zilikuwa na sababu ya kibiashara ya kukuua haraka. Mashine inayokaliwa na mtu mmoja saa nzima kwa sarafu moja ni hasara. Ugumu ulikuwa bei. Lakini ukiwa wa wazi mno, mteja alihisi anaibiwa, akaondoka, kwa hiyo waliofanikiwa ni wale waliokuua huku ukiamini kwamba ulikaribia kupita. Banda letu liliishi kwa hesabu hiyohiyo ila kwa njia ya kistaarabu: anayekuondoa kwenye benchi ni jirani yako, na mwenye banda anapokea jero bila kubeba lawama yoyote.

Kuna nadharia inayotajwa kila mahali, ya mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, kwamba raha kubwa hupatikana pale uwezo wa mtu na ugumu wa kazi vinapolingana. Kazi ikizidi uwezo unahangaika, ikipungua unachoka nayo. Ni kweli, ila inasaidia kidogo. Hata shairi zuri lina mistari ya kupumulia. Gemu nzuri hukubana, hukuachia, hukupa dakika kumi za kuwafyeka wanyonge uliokuwa ukiwaogopa jana, halafu inakubana tena. Na ugumu wenyewe una sura mbili. Upo unaokuonyesha kosa lako, na upo unaoongeza tu unene wa adui: risasi kumi badala ya tatu, bila kukufundisha chochote kipya. Wa pili ni kama mwalimu anayedhani mtihani mgumu ni ule wenye kurasa nyingi.

Sekiro ilipotoka mwaka 2019 bila kumpa mchezaji nafasi ya kuchagua ngazi ya ugumu, mabishano yalichukua wiki kadhaa mtandaoni. Upande mmoja ulisema kila aliyenunua ana haki ya kuumaliza mchezo. Mwingine ukasema ukipunguza ugumu umeuza bidhaa nyingine. Hidetaka Miyazaki, aliyeiongoza gemu hiyo na Dark Souls kabla yake, amejenga jina kwa maadui wanaokuua mara 20 na mara ya 21 unawaona kama waliopungua kimo.

Wazee wa bao walishalimaliza suala hili zamani. Lipo bao la Kiswahili, ambalo kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na nyingine 22 mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Lipo pia bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote 64 zimeshapangwa, hakuna kunamua, unaanza kusogeza. Ubao ni uleule, mashimo ni yaleyale 32. Sijasikia mzee wa barazani akilalamika kwamba bao la kujifunza limeharibu bao la Kiswahili. Sijasikia pia mtu anayejua bao la kujifunza peke yake akiitwa fundi. Pande zote mbili za ule ugomvi zilikuwa na lake la kweli, zilichokosa ni majina mawili.

Celeste ilifanya kitu cha namna hiyo. Ina orodha ya msaada ambamo unaweza kupunguza kasi ya dunia nzima, au kujifanya usife kabisa, na haikunyimi mwisho wa hadithi. Kwa mtu mwenye vidole vinavyotetemeka, hilo ndilo linaloamua kama atacheza au hatacheza. Elden Ring ya mwaka 2022, kazi nyingine ya Miyazaki, ikapita njia ya uani: haina ngazi za kuchagua, lakini dunia yake ni pana, adui akikushinda unamwacha, unakwenda kuzurura kwingine, unarudi ukiwa na panga bora na marafiki wa kuita. Aibu ya kuchagua "rahisi" kwenye orodha haipo, kwani umepunguza ugumu kwa miguu yako mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu wengi walioikimbia Sekiro waliweza kukaa na hii.

Hatari inaingia gemu inapobadili ugumu kwa siri. Resident Evil 4, ya mwaka 2005, hupima kimyakimya unavyocheza, na ukifa mara nyingi inalegeza kamba bila kukuambia. Watu wengi waliimaliza wakijiona mashujaa, na walipokuja kujua, wengine walicheka na wengine walihisi wameporwa medali. Hapo ilikuwa mtu na mashine. Mtu na mtu ni kesi nyingine, kihalisia kabisa: mwaka 2020 wachezaji watatu wa gemu waliishtaki huko California kampuni ya EA, watengenezaji wa FIFA, wakidai kwamba gemu hiyo inachezea ugumu chini kwa chini ili watu wanunue pakiti zaidi za wachezaji wa ndani ya gemu. EA ilikana, na mwaka 2021 kesi ikaondolewa baada ya kampuni kuwapa walalamikaji maelezo ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi wake. Haijabadilisha kitu mtaani. Nenda banda lolote leo, mpira ugonge mwamba mara mbili, utasikia: "Gemu imeshaamua huyu afungwe." Imani ikishaingia kwamba mkono si wako, hata kosa lako halisi halikufundishi tena.

Pedi inapoondolewa kabisa

Gunpei Yokoi wa Nintendo ndiye aliyetupa ule msalaba wa kidole gumba, mwaka 1982, kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong. Ni kipande cha plastiki ambacho pedi karibu zote zimekirithi. Huyohuyo Yokoi, mwaka 1995, ndiye aliyetoa Virtual Boy, mashine ya kuchungulia kwa macho mawili, picha nyekundu juu ya giza, umeinama mezani kama anayetazama kwa hadubini. Shingo ziliuma, vichwa viliuma, na haikumaliza mwaka sokoni. Mtu aliyeelewa kidole kuliko wote aliteleza alipofika kwenye macho, na hilo linatosha kutuonya kwamba hapa tunaingia nchi nyingine.

Wimbi la sasa lilianza mwaka 2012, kijana Palmer Luckey alipochangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya Oculus Rift. Miaka miwili baadaye Facebook iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni mbili, na mwaka 2016 miwani ikaingia madukani. Ahadi ilikuwa kwamba vitufe vimekwisha. Ukitaka kutazama nyuma, geuza kichwa. Ukitaka kuokota, inama. Mkono ni mkono. Kwa kipimo cha banda, hii ingepaswa kuwa gemu isiyo na kisingizio kabisa, maana pedi mbovu haipo.

Ila mwili nao una mlalamikaji wake, naye hakai kidoleni. Aliyewahi kuvuka kwenda Unguja kwa boti wakati wa kusi anamfahamu. Umekaa ndani, macho yanatazama kiti cha mbele, na kiti hakiendi popote. Lakini ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayopima kila kichwa kinapoinama na kuyumba, nayo inapiga kelele kwamba tunainama, tunayumba. Macho na sikio vikitoa ushahidi unaopingana, tumbo ndilo linalohukumiwa. Wahudumu wanapita na vifuko. Mabaharia watakwambia utoke nje utazame upeo wa bahari, na wana haki: hapo macho yanaanza kukubaliana na sikio.

Miwani inafanya kosa hilohilo kwa upande wa pili. Unasukuma kijiti, na mbele ya macho unakimbia bondeni, huku sikio likishuhudia kwamba umekaa sebuleni, hujasogea hata inchi. Kigegezi ni kilekile. Na huku kuchelewa, ambako kwenye TV kulifanya pedi iwe nzito, kunakufanya utapike. Mafundi hujitahidi picha ifuate kichwa ndani ya milisekunde 20 au pungufu, na miwani mikubwa ya 2016 ilionyesha picha 90 kwa sekunde ilhali banda letu liliridhika na theluthi mbili ya hizo.

Kwa hiyo ufundi mwingi wa gemu za miwani ni ufundi wa kulituliza sikio. Badala ya kutembea, unalenga mahali na kujikuta umefika, kama jini. Badala ya kugeuka taratibu unageuka kwa vipande, hatua kwa hatua. Ukikimbia, pembezoni mwa macho panatiwa giza ili usione sana dunia inavyopita. Au unawekwa ndani ya chumba cha rubani ambacho hakisogei, macho yapate pa kushika. Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 inakupa njia kadhaa za kwenda uchague inayokufaa, na glavu zinazovuta vitu kutoka mbali ili usishinde ukiinama kama mpanda mpunga.

Gemu iliyovunja rekodi ya kuwafanya watu wa kawaida waipende miwani, kwa maoni yangu, ni Beat Saber ya studio ya Kicheki, iliyotoka rasmi mwaka 2019 baada ya mwaka mzima wa majaribio ya hadharani. Na ukiitazama, imekwepa tatizo badala ya kulitatua. Hausogei. Umesimama mahali pamoja, vibunda vya rangi vinakuja kwa mdundo wa muziki, unavikata kwa panga za mwanga. Macho yanasema umesimama, sikio linasema umesimama. Mwanga hauna uzito, basi hata upanga kupita bila kugonga kitu hakukushangazi. Jaribu gemu ya panga za chuma uone: unakata kwa nguvu, upanga unapenya kifua cha adui kama moshi, na bega lako lililojiandaa kwa kishindo linabaki linaning'inia.

Kuna kasoro moja ambayo wahandisi hawaizungumzii sana, kwa sababu haina namba. Nusu ya utamu wa banda ilikuwa benchi la nyuma: wale waliosubiri zamu, waliokuwa makocha bila kuombwa, waliocheka mraba ulipobonyezwa badala ya duara. Miwani inamchukua mtu mmoja na kumfungia. Wengine tunabaki tukimtazama akipiga hewa. Picha inaweza kurushwa kwenye TV, sawa, lakini huwezi kumtania mtu asiyekuona. Na kwa mwenye banda ni hesabu mbaya zaidi: kifaa cha bei ya pikipiki iliyotumika, kichwa kimoja kwa wakati, jasho la aliyetangulia likiwa bado kwenye sponji.

Tena miwani ya kupokezana hairekebishwi. Umbali kati ya mboni za macho hutofautiana, kwa mtu mzima ni kama milimita 63 kwa wastani, na miwani nyingi zina namna ya kuupanga. Sehemu moja ya maonyesho, ambako nililipia dakika tano za kupanda gari la milimani, kijana alinivisha, akakaza mkanda, akasema "enjoi". Nilishuka nikiwa na picha mbili za kila kitu, nikashika ukuta.

Likizo ya Juni mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alikuja nyumbani na miwani aliyoazimwa na rafiki yake. Alinipimia macho vizuri, akasogeza lenzi, akaniuliza mara mbili kama maandishi yanasomeka. Yalisomeka. Akaniwekea gemu ya kukimbia juu ya mapaa ya nyumba, ya kusukuma kijiti. Dakika ya tatu jasho jembamba lilinitoka usoni. Dakika ya nne niliivua, nikakaa chini kwenye zulia, nikamwambia aniletee kipande cha tangawizi jikoni, na kwamba hiyo miwani yake ni mbovu.

Hakubishana nami. Aliniletea tangawizi, akaiokota miwani, akaivaa. Aliruka kutoka paa hadi paa kwa dakika 20, akigeuka, akichutama, akicheka peke yake katikati ya sebule, kisha akasema bila kuivua, "Mjomba, mbona nzima?"